Daudi Ryoba na Ufa wa Nyansurura

Daudi Ryoba alizaliwa Kemambo, mtoto wa nne wa Mokami, mama aliyelima mtama na mihogo maisha yake yote na kufuga ng'ombe wachache. Alipofika umri wa kushika jembe lake mwenyewe, hakulishika sana. Miaka ile bei ya dhahabu ilikuwa inapanda kila ukigeuka, na vilima vya Tarime vilitobolewa mashimo kama chekecheke. Watu walitoka Geita na Kahama wakaja na sururu zao begani. Daudi naye akaingia shimoni kama wenzake, akachimba miaka mitano, akapata chakula, shati la sikukuu na kikohozi kisichokwisha.

Mwaka 2010 mwamba uliteleza, ukambana mguu wa kushoto chini ya goti. Wenzake, wakiongozwa na jamaa mmoja aitwaye Kisyeri, walifukua kwa mikono tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri ndipo wakamtoa. Mguu ulipona, ila ulipona vibaya. Goti lilikataa kukunjika sawasawa, na mtu asiyekunja goti hawezi kushuka shimo la mita thelathini kwa kukanyaga magogo. Hadi leo, ukimuuliza habari za siku ile, haanzi na maumivu. Anaanza na vidole vya Kisyeri, jinsi vilivyokuwa vimechubuka kucha zote, halafu ndipo anafika kwenye mguu wake.

Alikaa nyumbani karibu mwaka mzima akimsaidia mama yake kupura mtama. Akaona hapana, mwanamume mzima hawezi kuendelea kulishwa na mama mwenye mgongo uliopinda. Akaenda Tarime mjini, mtaa wa Nkende, akawa anaingia karakana moja baada ya nyingine kuomba kazi. Wengi walitazama mguu kabla ya kumtazama usoni. Karakana ya mwisho ilikuwa ya mwanamke.

Jina lake Felistas, ila mji mzima ulimwita Mama Okal, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa Mjaluo, mzaliwa wa upande wa Migori, aliyeolewa Tarime na kufiwa na mume akiwa bado na nguvu zake. Ufundi aliupata ujanani Kenya, kwenye kiwanda cha sukari, alikokuwa akichomelea magurudumu ya kusagia miwa. Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na kila siku alivaa koti la turubai lililojaa vitundu vya cheche. Wenye magari ya kuchimbia, krasha na mitambo ya kusagia mawe ya dhahabu walimletea vyuma vilivyopasuka, kwa kuwa walijua chuma kikipita mikononi mwake hakirudi.

Daudi alimkuta amekaa juu ya tairi akinywa uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unatafuta nini?"

Akasema anatafuta kazi. Mama Okal akamuuliza anajua kufanya nini. Daudi alifikiria kudanganya, kama alivyodanganya kwenye karakana zilizotangulia, lakini uchovu ulimzidi.

"Najua kuchimba tu, mama."

Mwanamke yule akacheka kidogo, akaweka kikombe chini. "Basi ni sawa. Hapa pia tunachimba, ila tunachimba chuma."

Haukuwa mzaha. Kazi iliyomletea Mama Okal sifa ilikuwa ile mafundi wanayoiita gaujingi. Chuma kikipasuka, mafundi wengi huweka risasi ya kuchomelea, yaani tuta la chuma kilichoyeyushwa, juu ya ufa na kuufunika, wakasema wamemaliza. Ufa unabaki chini yake, unangoja. Yeye alianza kwa kuutoa. Alishika tochi yenye fimbo nene ya kaboni iliyovikwa shaba, akawasha moto wa umeme kati ya fimbo na chuma, na papo hapo hewa ya kompresa ikitoka kwenye vitundu vya tochi ilipuliza ule uji wa chuma kilichoyeyuka kabla haujaganda. Ulibaki mfereji safi mahali palipokuwa na ufa. Hapo ndipo alipojaza upya, kuanzia chini.

Miezi ya kwanza Daudi alifagia, akabeba, akasaga kingo kwa grenda. Macho yake hayakutoka kwenye tochi ile. Mama Okal aliona, akaanza kumfundisha bila kutangaza kwamba anamfundisha. Alimwonyesha kwamba waya wa tochi unakaa kwenye chanya ya mashine, na kibanio cha ethi, kinachorudisha umeme kwenye mashine, kinakaa kwenye chuma kilichosuguliwa, si kwenye kutu. Fimbo isitokeze nje ya tochi kupita urefu wa kiganja. Vitundu vya hewa vikae chini ya fimbo, na hewa ifunguliwe kabla moto haujawaka. Masikio yazibwe, maana kelele yake inakula usikivu polepole kama mchwa, na yeye mwenyewe sikio la kulia lilikuwa limeshaliwa.

Jambo ambalo halikumwingia Daudi upesi lilikuwa umeme, yaani ampea ngapi kwa fimbo gani. Yeye aliamini kwamba moto mwingi ndio kazi nyingi. Siku moja Mama Okal alikuwa nje akiongea na mteja, na Daudi alikuwa anatoa risasi ya zamani kwenye mdomo wa ndoo ya ekskaveta kwa fimbo ya milimita nane. Akaona mwendo ni wa kinyonga. Akazungusha kitasa cha mashine hadi mwisho. Fimbo nzima ikawa nyekundu mpaka kwenye tochi, shaba yake ikamenyuka na kudondoka, na kabla hajainua mkono moto ukapenya upande wa pili. Pale palipotakiwa mfereji wa kina cha kidole pakawa na tundu la kupitisha ngumi.

Alizima mashine, akavua ngao ya uso, akaanza kukunja koti lake aende zake. Hakuona haja ya kungoja kufukuzwa. Mama Okal aliingia, akalitazama tundu, akamtazama yeye. Kisha akavuta kiti.

"Keti, Daudi. Skiza. Kila fimbo iko na chakula chake. Ukiinyima, inakohoa, inatapika makaa ndani ya chuma. Ukiilisha kupita kiasi, inaungua yenyewe na inakutobolea kazi. Hii ya nane inataka mia tatu, mia tatu hamsini. Wewe umeipa mia tano. Sasa chukua kipande cha sahani ya chuma, tuzibe hili shimo, mimi na wewe."

Walilitengeneza pamoja mpaka jioni. Mwenye ndoo aliambiwa ukweli na Mama Okal mwenyewe, naye aliporudi kuichukua alikubali kwamba imerudi imara. Daudi alirudi chumbani kwake Nkende akiwa ameshika kichwa. Maisha yake yote, mtu alipokosea kazi aliitwa jina baya kwanza, mengine yalifuata. Yeye alikuwa ameambiwa aketi.

Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi wa kweli. Alijifunza kusikiliza. Fimbo ikiwa imeshiba sawasawa hutoa mvumo mmoja, kama mvua kubwa juu ya bati, usiopanda wala kushuka. Ikidodosa na kukatika, umeme ni mdogo au hewa ni hafifu, na kwenye mfereji utakuta madonge meusi. Madonge yale ni kaboni iliyoingia kwenye chuma. Ukichomelea juu yake, chuma kinakuwa kigumu kama kioo, kisha kinapasuka tena. Ndiyo maana hata mfereji ukiwa mzuri, ngozi yake nyeusi lazima isagwe kwa grenda mpaka chuma king'ae.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mwaka 2013, mwezi wa tisa, Mama Okal alifiwa na dada yake huko Migori, akavuka mpaka kwenda msibani. Karakana aliiacha mikononi mwa Daudi, na ufunguo wa akiba kwa Vivian, jirani aliyepika chakula mlango wa pili. Siku ya tatu simu ikaita. Aliyepiga alikuwa Nikolaus, msimamizi wa mtambo wa kuchimba visima, akiwa Nyansurura, wilaya ya Serengeti. Mtambo ule ulikuwa umetumika miaka mingi kutoboa miamba ya Tarime kutafuta dalili za dhahabu. Sasa mwenye mtambo alikuwa ameukodisha uchimbe kisima cha maji karibu na shule ya msingi. Ulikuwa umefika mita kumi na mbili tu, na mguu wa mlingoti, ule mnara wa chuma unaobeba mabomba ya kuchimbia, ulikuwa umefanya ufa. Mashine ya kuchomelea ipo, alisema, hewa ipo ya kutosha; anachotaka ni fundi mwenye tochi.

Daudi alichukua tochi, ngao, grenda na paketi ya fimbo za kaboni alizokuwa akizitumia wiki ile, akapanda gari la Mugumu, na kutoka hapo pikipiki.

Alikuta watu wengi kuliko alivyotarajia. Ukame ulikuwa mkali mwaka ule. Wanawake walikuwa wakitoka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mto, na ng'ombe walikuwa wamebaki mbavu. Mtambo ulipoingia kijijini watu walikuwa wameupokea kwa vigelegele, na sasa ulikuwa umelala siku ya nne. Katibu wa kamati ya maji, mwalimu mmoja aitwaye Eunice, alimsalimia Daudi kwa heshima iliyomtia woga, kama vile amekuja daktari.

Wakati Daudi anapanga vyombo vyake ndipo alipoona kosa lake. Fimbo alizobeba zilikuwa za milimita kumi, za ndoo nene za ekskaveta. Mashine ya pale, iliyoendeshwa na injini ya dizeli, mwisho wake ilikuwa ampea mia tatu. Alijua hazipatani. Hata hivyo watu walikuwa wamesimama wakimtazama, na aibu ni mshauri mbaya. Akajiambia labda itakubali. Mlingoti ulikuwa umeshalazwa chini, hivyo akafunga ethi, akafungua hewa, akawasha.

Fimbo ikakohoa. Moto ukawaka, ukazimika, ukawaka. Alisogea upana wa vidole vitatu hivi, akazima, akainama kutazama. Pale palipotakiwa mfereji palikuwa na mchubuko uliojaa madonge meusi. Hewa nayo ilikuwa kali mno, maana kompresa ya mtambo imetengenezwa kusukuma vifusi kutoka chini ya ardhi; ilikuwa inaupuliza moto wenyewe.

Nikolaus alikuja juu. Alikuwa mtu wa Musoma, mchapakazi, na kazi nyingine ilikuwa inamngoja Bunda. Alisema kwa sauti ya kuchoka kwamba haoni haja ya mambo yote hayo. Mafundi wengine walikuwa wameshachomelea juu ya ufa huo mara tatu, na kila mara mtambo ulifanya kazi miezi kadhaa. Amwekee risasi nzuri juu, wasimamishe mlingoti, watu wapate maji.

Watu waliokuwa karibu walimgeukia Daudi. Anasema hapo ndipo alipoona jinsi ilivyo rahisi mtu kukubali. Kila aliyekuwa pale alitaka aseme ndiyo.

"Mzee Nikolaus," alisema, "pamefunikwa mara tatu, na mara tatu pamefunguka. Ufa wenyewe haujawahi kutolewa. Nipe mpaka kesho. Nimebeba fimbo zisizofaa, kosa ni langu."

Akasogea kando, akampigia simu Mama Okal. Alisikia nyimbo za msiba nyuma yake, akaomba radhi kwa kumsumbua. Mama Okal alisogea mahali pa utulivu, akamuuliza mashine inatoa ngapi. Mia tatu, Daudi akajibu. Na fimbo aliyonayo? Ya kumi.

"Basi si umeshajijibu," alisema. "Chini ya meza ya jiliwa kuna boksi la mbao. Ndani kuna za sita na nusu. Na ukizipata, usipeleke hiyo mashine mpaka mwisho wa pumzi. Mashine ndogo ikikimbizwa inaanguka njiani. Kwa fimbo hiyo wewe ungeweka ngapi?"

Daudi akafikiri. "Mia mbili hamsini. Halafu nipite mara tatu nne, badala ya mara moja."

"Na kati ya mara moja na nyingine?"

"Naipumzisha."

"Haya. Mimi nazika kesho. Wewe fanya kazi."

Vivian alifungua karakana, akalipata boksi, akalikabidhi kwa dereva wa gari la asubuhi. Kufikia saa tano mchana fimbo zilikuwa mikononi mwa Daudi, kavu, hata moja haikuvunjika. Wakati wa kungoja hakukaa bure. Alikitafuta kipunguza presha kwenye vifaa vya mtambo, akaifunga hewa ya tochi kwenye presha ya bari sita, na mashine akaijaribu kwenye kipande cha chuma chakavu hadi akajua kitasa chake kinasema kweli. Kisha akamwendea Mwalimu Eunice, akaomba chaki na mafuta ya taa. Mwalimu alishangaa, ila alileta.

Alisaga rangi na kutu yote kwenye mguu wa mlingoti, akapaka mafuta ya taa, akaacha yanywewe na chuma, akapangusa pakakauka. Halafu akasugua unga wa chaki juu yake. Mahali penye ufa mafuta yalirudi nje polepole, yakachora mstari wa unyevu kwenye weupe wa chaki. Nikolaus alisema ufa una urefu wa kidole. Mstari ule ulikuwa wa viganja viwili.

Daudi akawasha. Mia mbili hamsini, fimbo ya sita na nusu, hewa sita. Mvumo ukatoka mmoja, wa mvua juu ya bati, na cheche zikaruka mbele kwa upinde mrefu kuelekea upande ambako watu walikuwa wameondolewa na majani makavu yamefyekwa. Alikwenda bila kusita wala kukimbia, akafika mwisho wa mstari, akazima, akaiacha mashine ipoe. Akapaka tena mafuta na chaki. Mstari bado ulikuwepo. Akapita mara ya pili. Bado. Risasi tatu za mafundi waliotangulia zilitoka moja baada ya nyingine, kama nguo zilizovaliwa juu ya kidonda. Mara ya tatu mstari uligeuka, ukapita chini ya sahani ya pembeni, mahali ambapo jicho lisingeufikia kamwe, ukaendelea hadi karibu na tundu la pini inayobeba mlingoti mzima.

Alimwita Nikolaus aje aone. Yule mtu akapiga magoti, akafuata mstari kwa kidole mpaka mwisho wake. Akavua kofia.

"Mimi husimama hapo chini kila siku," alisema. "Mimi na vijana wangu wanne."

Hakusema tena habari za Bunda. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kazi ya kuhesabu dakika za kupumzisha mashine, na kumletea Daudi maji ya kunywa, yale machache yaliyokuwepo.

Ilipofika mara ya tano, chaki ilibaki nyeupe tupu. Daudi aliirudia tena, ikatoka nyeupe. Alisaga ngozi nyeusi yote mpaka mfereji ukang'aa kama kijiko. Wakapasha chuma joto, akaanza kujaza, tabaka juu ya tabaka, akigonga na kusafisha kila moja. Alipomaliza walikifunika kwa majivu makavu kutoka majiko ya kina mama ili kipoe polepole, na wakakiacha mpaka siku iliyofuata.

Mlingoti ulisimamishwa asubuhi. Walichimba siku mbili. Kwenye mita themanini na moja vumbi liligeuka tope, na tope likageuka maji yaliyopanda juu na kumlowesha kila aliyekuwa karibu. Wanawake walicheza ndani yake wakiwa na nguo zao. Mzee mmoja mwenye ng'ombe alimshika Daudi mkono kwa mikono yake miwili. Mwalimu Eunice alimpa kibuyu cha maziwa ya mgando aende nacho. Daudi alijisikia kama anapewa vitu vya mtu mwingine.

Mama Okal aliporudi kutoka msibani, Daudi alimpa pole kwanza, na baada ya hapo akamsimulia kila kitu, pamoja na aibu ya zile fimbo za kumi. Yule mama hakuuliza habari za maji wala maziwa. Aliuliza mashine ilikuwa inalia aje kwenye mia mbili hamsini. Daudi akamweleza. Mama Okal akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia wimbo wa zamani, akasema kuanzia wiki ile kazi za nje zitakuwa za Daudi.

Siku ya Jumapili Daudi alikwenda Kemambo akamsimulia mama yake. Mokami alisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo mwanamke ni wa watu gani. Daudi akasema ni Mjaluo. Kizazi cha mama kilikuwa na kumbukumbu za ng'ombe walioibwa huku na huku kati ya watu wao na Wajaluo, na za vijana waliozikwa kwa ajili ya ng'ombe hao. Kisha akainuka, akamkamata jogoo, akajaza unga wa mtama kwenye kikapu, akavaa kitenge chake cha kanisani. Njiani kwenda Nkende alimuuliza mwanawe Wajaluo husemaje wakishukuru. Daudi alimfundisha neno, naye akalirudia chini chini safari nzima, maana Kiswahili chenyewe kilimpa shida, sembuse Kijaluo.

Mama Okal alikuwa amekaa kwenye tairi lake. Aliposimama kumpokea mgeni, Mokami aliweka kikapu na jogoo chini, akamshika mikono yote miwili, ile mikono minene yenye makovu ya cheche.

"Erokamano," alisema. Kisha akamalizia kwa Kiswahili chake cha shida: "Huyu mtoto, shimo ilikuwa imemchukua. Wewe ukamrudisha."

Mama Okal alipangusa tairi kwa upindo wa koti, akamkalisha mgeni wake hapo, naye akaenda kwa Vivian kuagiza uji wa watu watatu. Wakakaa hivyo mpaka jua likaanza kushuka, wale akina mama wawili wakiulizana habari za mtama na mvua kwa maneno machache waliyokuwa nayo. Daudi alivaa ngao yake, akarudi kwenye ndoo ya ekskaveta iliyokuwa inamngoja, akaangalia fimbo ni ya ngapi, ndipo akashika kitasa cha mashine.